Haba na Haba Haijazi Kibaba Chenye Tundu

Limezuka katika miji yetu dhehebu jipya lisilo na msikiti wala kanisa. Mahubiri yake husikika katika kumbi za hoteli, katika semina za watumishi wa umma, katika makongamano ya vijana na katika simu zetu kila kunapopambazuka. Lina amri zake: amka saa 10 alfajiri, kunywa maji kabla ya chai, tembea hatua 10,000, soma kurasa 20, andika mambo matatu unayoyashukuru, lala mapema. Atakayezishika amri hizi, tunaahidiwa, ataishi kwa afya na furaha. Atakayeshindwa, amejitakia mwenyewe.

Katika makala haya nalipinga dhehebu hilo, ingawa nakiri tangu mwanzo kwamba amri zake nyingi ni njema. Kutembea kunajenga moyo. Usingizi unatengeneza akili. Mboga na matunda ni bora kuliko soda na chipsi. Ugomvi wangu na wahubiri hawa hauko hapo. Ugomvi wangu ni kwamba wanamdai mtu mmoja mmoja kitu ambacho jamii imemnyang'anya, kisha wanamsuta kwa kutokuwa nacho.

Hoja yangu ni hii: tabia njema ya kila siku haikui juu ya nia peke yake. Inahitaji muda, inahitaji mahali, na inahitaji watu wa kushirikiana nao. Vitu hivi vitatu hugawanywa na sheria, bajeti, ramani za miji na mamlaka ya mwajiri. Kwa neno moja, hugawanywa na siasa. Wahenga walituambia kwamba haba na haba hujaza kibaba, na wahubiri wa leo wanaipenda sana methali hiyo. Wanachosahau ni kwamba wahenga walikuwa wakizungumza na mtu mwenye kibaba kizima. Mwananchi wa leo anatia haba yake asubuhi, na kabla ya jua kuzama imekwisha kuvujia njiani, kazini na kituoni.

Tuanze na asili ya amri zenyewe, maana mwanafunzi wa historia hukubali amri baada ya kuuliza imetoka wapi.

Hatua 10,000 hazikushuka kutoka maabara ya tabibu yeyote. Mwaka 1965 kampuni moja ya Japani iliingiza sokoni kifaa cha kuhesabia hatua, ikakipa jina lenye maana ya mita ya hatua elfu kumi. Jina lilikuwa tamu na idadi ilikuwa rahisi kukumbukwa. Biashara ikaenda, na idadi ikabaki kama wahyi. Zile siku 21 ambazo tunaambiwa zinatosha kujenga tabia mpya nazo zina hadithi yake. Mwaka 1960 daktari wa upasuaji wa sura wa Marekani, Maxwell Maltz, aliandika kwamba wagonjwa wake walihitaji angalau siku 21 hivi kuzoea nyuso zao mpya. Wahubiri wakalidondosha neno "angalau", wakaisahau ile sura iliyofanyiwa upasuaji, wakatuuzia hesabu hiyo kama kanuni ya maumbile.

Watafiti walipokuja kupima jambo hilo kwa makini walipata jibu tofauti. Phillippa Lally na wenzake wa Chuo Kikuu cha London waliwafuatilia watu 96, kila mmoja akiwa amechagua jambo dogo la kula, kunywa au kufanya mazoezi, alifanye kila siku baada ya tukio lile lile, kwa mfano baada ya kifungua kinywa. Kwa wastani ilichukua siku 66 jambo hilo kuwa tabia, na makadirio yalianzia siku 18 hadi siku 254. Yatazameni vizuri masharti ya utafiti huo: baada ya tukio lile lile, kila siku. Tabia ni mche unaofungwa kwenye kijiti, na kijiti chenyewe ni ratiba isiyoyumba. Sasa niambieni, ndugu zangu, kijiti hicho kiko wapi kwa kibarua asiyejua kama kesho ataitwa kazini? Kiko wapi kwa mlinzi anayebadilishwa zamu kila juma? Kiko wapi kwa mwanafunzi anayesubiri bumu lililochelewa, naye kwa siku kadhaa amekuwa akipiga pasi ndefu, yaani anavuka asubuhi bila kula ili mlo mmoja wa mchana umfikishe kesho? Kumwambia mtu huyo afanye jambo moja kila siku baada ya kifungua kinywa ni kumdhihaki.

Kuna utafiti mwingine, mkongwe zaidi, ambao ningependa kila mtumishi wa wizara ya afya na kila mpangaji wa miji aujue. Mwaka 1953 daktari Jeremy Morris na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi wao juu ya wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Walilinganisha madereva na makondakta. Watu hao walitoka katika jiji moja, walilipwa na mwajiri mmoja na walipanda basi moja, lakini madereva waliugua maradhi ya moyo kuliko makondakta. Dereva alikaa kitini kutwa nzima. Kondakta alipanda na kushuka ngazi mamia kwa mamia katika zamu moja kukusanya nauli. Watafiti waliofuata walijadiliana kuhusu sababu nyingine zilizochangia, kama ilivyo desturi ya sayansi, lakini fundisho kuu lilisimama: mwili unaotembea unajikinga. Mimi naongeza fundisho la pili, la kisiasa. Kondakta yule hakuwa na nia imara kuliko dereva. Hakuhudhuria semina. Hakuwa na kifaa cha kuhesabia hatua mkononi. Ngazi zilikuwa ndani ya basi, na mshahara wake ulimtaka azipande. Afya yake ilijengwa ndani ya kazi yake.

Tukitoka London ya mwaka 1953 tukaja Dar es Salaam ya leo, tuifungue siku ya mtumishi mmoja wa kawaida anayeishi Chanika au Bunju na kufanya kazi Posta. Simtaji mtu fulani. Nachora hesabu ambayo maelfu wataitambua. Anatoka nyumbani saa 11 alfajiri ili awahi gari kabla ya foleni. Anarudi saa 2 usiku. Saa 15 zimekwisha. Zimebaki saa 9. Katika hizo apike, afue, aoge, akague daftari la mtoto, aandae sare ya kesho, na kama maji ya bomba hayakutoka, ayatafute. Tukimhesabia saa 3 tu kwa kazi hizo zote, amebakiwa na saa 6 za kulala, ilhali wataalamu wa usingizi wanapendekeza angalau saa 7 kwa mtu mzima. Kabla hajafikiria mazoezi hata kidogo, tayari anadaiwa saa moja kila siku na mwili wake mwenyewe. Mtu huyu ndiye anayeambiwa aamke saa 10 kutafakari!

Sheria yetu ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema wazi kwamba saa za kawaida za kazi zisizidi 9 kwa siku na 45 kwa juma, na kwamba mfanyakazi anayefanya kazi zaidi ya saa 5 mfululizo apewe mapumziko ya angalau dakika 60. Walioitunga walijua kwamba mwili una mipaka. Lakini nani anaikagua saa ile ya mapumziko katika maduka ya Kariakoo, katika viwanda, katika nyumba ambamo wasaidizi wa kazi hawana hata saa ya kufunga mlango? Na ofisi za serikali, ambazo kwa ratiba hufungwa saa 9:30 alasiri, ni ngapi zinazomzuia mtumishi hadi usiku kwa sababu bosi "bado yupo"? Na ni wangapi wanaopokea maagizo ya kazi kwenye kundi la WhatsApp saa 4 usiku na kutakiwa kujibu papo hapo? Ufaransa, tangu Januari 2017, sheria inazitaka kampuni zenye wafanyakazi 50 au zaidi zijadiliane na wafanyakazi wao kuhusu haki ya kutosumbuliwa kwa simu na barua pepe baada ya kazi. Hapa kwetu anayezima simu huitwa mtovu wa nidhamu, na mwezi unaofuata hupelekwa semina ya kujifunza kulala mapema.

Kuna jambo ambalo wahubiri hawalisemi kabisa, nalo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ile saa tulivu ya alfajiri wanayojisifia, saa ya maji ya uvuguvugu, kitabu na mazoezi, ina mhudumu wake. Wakati bwana anakimbia barabarani, nani anawasha jiko? Wakati anaandika mambo matatu anayoyashukuru, nani anamwogesha mtoto, anapasi shati na kufunga chakula cha shule? Mara nyingi ni mkewe, ambaye alilala baada yake na kuamka kabla yake. Mara nyingi zaidi ni binti wa miaka 17 aliyeletwa kutoka kijijini, ambaye analala wa mwisho na kuamka wa kwanza, na ambaye hakuna kitabu cha tabia njema kilichowahi kuandikwa kwa ajili yake. Utulivu wa mmoja umenunuliwa kwa usingizi wa mwingine. Tabia ya mtu mmoja ikisimama juu ya mgongo wa mtu mwingine, hiyo ni daraja la kijamii lililovaa raba za mazoezi, na tusiiite nidhamu.

Sasa nije kwenye takwimu moja. Mwaka 2012 taifa letu lilifanya uchunguzi wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza kwa watu wazima. Takribani robo ya waliopimwa walikuwa na shinikizo la juu la damu. Zaidi ya watu 90 katika kila 100 walikuwa hawafikii kiwango kinachopendekezwa cha mboga na matunda kwa siku. Mimi nafundisha na kusahihisha mitihani. Katika darasa la wanafunzi 100, wakifeli 10, nitawaita hao 10 na kuwauliza wamekwama wapi. Wakifeli 90, mkuu wa idara hatawaita wanafunzi. Ataniita mimi, na atataka kuuona mtihani, na mtaala, na saa za vipindi. Hiyo ndiyo haki. Kwa nini basi inapofika zamu ya afya tunawaita wale 90 mmoja mmoja na kuwahubiria kuhusu nia? Nchi inayolima maembe, mapapai, mchicha na matembele, kisha watu wake wasiyale ya kutosha, inapaswa kuuchunguza mtihani: bei sokoni, mazao yanayooza njiani, na kibanda cha chipsi ambacho ndicho pekee kilicho wazi mtu anaposhuka kwenye gari saa 2 usiku akiwa na njaa na shilingi chache.

Wapo watakaosema: mwalimu, unalalamika tu, ulipata kuona wapi taifa likijenga tabia kwa pamoja? Nimeliona katika historia yetu wenyewe.

Mwaka 1973 nchi hii iliendesha kampeni iliyoitwa Mtu ni Afya. Kwa wiki 12, takribani watu milioni mbili walikutana katika vikundi vijijini na mijini kusikiliza kipindi cha redio, kusoma kijitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi, kujadiliana na kisha kutenda. Makumi ya maelfu ya viongozi wa vikundi walikuwa wamefundishwa kabla. Somo likiwa malaria, kikundi kilifyeka nyasi na kufukia madimbwi. Somo likiwa kuhara, kikundi kilichimba choo. Vyoo vilivyochimbwa katika msimu ule vilihesabiwa kwa mamia ya maelfu. Angalia mpangilio wake: muda ulitengwa, siku na saa ya kipindi zilijulikana, mahali palikuwapo, chini ya mti au darasani, na wenzi walikuwapo, jirani kwa jirani. Ni vitu vile vile vitatu. Hakuna aliyeachwa peke yake na nia yake.

Sisemi miaka ile ilikuwa pepo. Muda mfupi baada ya kampeni hiyo, dola ile ile iliwahamisha watu kwa nguvu katika Operesheni Vijiji, na wengine waliona makazi yao yakibomolewa. Pamoja na mazuri yake, dola ya wakati ule ilipenda kuamuru, nami sina hamu ya kurudishiwa amri zake. Nataka tukumbuke jambo moja tu: kwamba taifa maskini kuliko tulivyo leo, lenye redio chache na bila simu hata moja mfukoni, liliweza kuichukulia tabia ya kunawa mikono na kutumia choo kama kazi ya umma. Leo tuna simu kila mfuko, na afya tumeigeuza kuwa mashindano ya mtu na kioo chake.

Mfano wa pili ni wa mbali, nautumia kwa sababu matokeo yake yamepimwa kwa miongo mingi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 jimbo la Karelia Kaskazini nchini Finland lilikuwa miongoni mwa mahali ambapo wanaume walikufa sana kwa maradhi ya moyo. Wananchi wenyewe waliiandikia serikali kudai msaada, na mwaka 1972 mradi ukaanza, chini ya daktari kijana Pekka Puska. Walitoa elimu, ndiyo, lakini hawakuishia hapo. Walikwenda viwandani kuzungumzia chumvi na mafuta katika vyakula, wakashirikiana na vyama vya akina mama kubadili mapishi, na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wakasaidiwa kugeukia kilimo cha matunda madogo yanayostahimili baridi. Katika miongo iliyofuata, vifo vya maradhi ya moyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Mkulima wa Karelia hakushinda siagi kwa kuikodolea macho mezani kila asubuhi na kuikataa. Meza yenyewe ilibadilishwa.

Nayajibu sasa mapingamizi mawili.

La kwanza: "Unawapa watu kisingizio. Mtu ana wajibu wa mwili wake." Anao, na sitamwondolea. Mwenye gari, bustani na saa mbili za jioni anazozimalizia kwenye kiti cha baa, huyo ajilaumu. Mimi nadai wajibu uende pamoja na uwezo. Tukimpa mtu njia ya miguu salama, akakataa kutembea, tutakuwa na haki ya kumlaumu. Tukimjengea barabara ya njia sita isiyo na pa kupita mwenda kwa miguu, ambapo kila anayevuka anaomba dua, hatuna haki ya kumhesabia hatua zake. Kisingizio kikubwa kuliko vyote ni kile tunachowapa wenye mamlaka kila tunapoigeuza afya kuwa siri ya mtu binafsi: wao hawaulizwi kitu.

La pili: "Serikali haina fedha." Fedha za kuchora mstari na kuweka kizuizi hazihitaji mkopo wa kimataifa. Bogotá, jiji la Kolombia, nchi isiyo tajiri, ilianza mwaka 1974 kufunga barabara zake kwa magari, na leo kila Jumapili zaidi ya kilomita 100 hugeuka kuwa uwanja wa watembeaji, wapanda baiskeli na watoto. Jirani zetu wa Kigali walianza siku yao isiyo na magari mwaka 2016, na sasa huifanya mara mbili kwa mwezi. Hata hapa kwetu, Desemba 2016, Makamu wa Rais wa wakati huo, Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya mazoezi na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatangazwa kuwa siku ya mazoezi kitaifa. Lilikuwa jambo jema. Lakini Jumamosi 12 zinatuachia siku 353 ambazo mwananchi anarudi kwenye barabara ile ile isiyo na kando, mtaa ule ule usio na kiwanja, na mwajiri yule yule. Afya ya taifa haijengwi kwa fulana zilizochapwa nembo na picha za viongozi wakinyoosha viungo mbele ya kamera.

Tunadai nini basi? Nitasema na kila kundi la wasomaji wangu kwa zamu.

Watumishi wa umma, ninyi mnashika kalamu. Anzeni na kilicho ndani ya mamlaka yenu bila kusubiri waraka. Mkuu wa idara anaweza kuanza kikao kwa wakati na kukimaliza kwa wakati. Anaweza kuamua kwamba hakuna agizo la kazi litakalotumwa baada ya saa 12 jioni isipokuwa nyumba inaungua. Anaweza kuilinda ile saa moja ya mchana isiliwe na wageni. Mhandisi wa halmashauri anaweza kukataa kusaini mchoro wa barabara ambamo njia ya miguu imefutwa ili kupunguza gharama. Ofisa mipango miji anaweza kukataa kubadili matumizi ya kiwanja cha wazi kuwa kituo cha mafuta. Kila saini ya namna hiyo ni tabia njema inayofika katika miili ya maelfu ya watu msiowajua.

Wanaharakati, ninyi mmezoea kudai katiba, uchaguzi na haki ya kusema. Endeleeni. Lakini ongezeni dai la usingizi, dai la kivuli na dai la kiwanja. Nendeni ofisi ya serikali ya mtaa mkaombe kuiona ramani ya mipango miji ya eneo lenu. Hesabuni viwanja vya wazi vilivyochorwa, kisha tembeeni mkahesabu vilivyobaki. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ina majina ya watu waliovichukua, na tarehe, na mihuri. Huo ni uchunguzi wa afya kuliko vipimo vingi vya hospitalini. Na mnapodai haki za wafanyakazi, msisahau msaidizi wa nyumbani katika nyumba zenu wenyewe: saa yake ya kulala ni ipi, siku yake ya mapumziko ni ipi?

Wanafunzi wangu, ninyi ndio mnaowindwa zaidi na dhehebu hili. Mnalala wawili kitanda kimoja kwa kubebana, mnakula mara moja, mnasoma usiku wa manane kwa sababu mchana chumba hakikaliki, kisha mnanunua kitabu kinachowaambia kwamba mmeshindwa maisha kwa sababu hamkutandika kitanda asubuhi. Kitanda kipi? Nawashauri mfanye mambo mawili kwa wakati mmoja. Pikeni pamoja, sufuria moja ya maharage na mchicha kwa watu sita ni nafuu na ni bora kuliko sahani sita za chipsi. Tembeeni pamoja jioni, maana anayetembea na wenzake hakosi siku nyingi. Lakini katika matembezi hayo hayo zungumzeni kuhusu idadi ya vitanda, muda wa bumu na bei ya mlo wa kantini, na mkifika mlango wa utawala, msipite.

Na wewe mhubiri wa tabia njema, sina nia ya kukunyang'anya ugali wako. Nakuomba jambo moja dogo, la kila siku, kwa kuwa ndiyo lugha unayoipenda. Kila unapopanda jukwaani kuwaambia watumishi walale saa 3 usiku, mgeukie mwajiri aliyekulipa, ambaye kwa kawaida ameketi mstari wa mbele, umuulize mbele yao anawaruhusu kuondoka saa ngapi. Fanya hivyo kwa siku 66. Ikiwa utakuwa bado unaalikwa, nitakuja kukusikiliza, na nitakaa kiti cha nyuma na daftari langu.

Methali ya kibaba ni ya kweli, nami naiamini. Dakika 20 za kutembea, tunda moja, saa moja ya usingizi iliyorudishwa, mazungumzo na jirani bila simu: haba hizi hujaza. Lakini kazi ya kwanza ya watu wenye akili ni kuziba tundu, na tundu la kibaba kikubwa haliwezi kuzibwa na kidole cha mtu mmoja. Juma hili, kabla hujajiwekea lengo lolote jipya la afya, muulize mwenzako wa kazini, wa bwenini au wa mtaani anatoka nyumbani saa ngapi na anarudi saa ngapi. Ziandikeni saa hizo kwenye karatasi moja. Zikifika majina 20, mnayo hoja ya kupeleka kwa mwenye mamlaka.